Jiwe la Kuanikia Makopa

Kwenye faili langu la ile kampuni ya zamani kuna barua inayosema kwamba nina kiburi, simsikii mkubwa, na nimeuchelewesha mradi kwa makusudi. Sikatai hata neno moja. Nilipopewa niliisoma nimesimama, nikasaini kwamba nimeipokea, nikaomba nakala. Nakala hiyo ninayo mpaka leo, kwenye droo moja na cheti changu cha chuo.

Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi. Injinia ni yule anayekaa mbele kwenye gari. Mimi ndiye ninayeshuka. Ofisi yetu ilikuwa Musoma mjini, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na kazi zetu zilikuwa zile ambazo watu huziona siku zinapoharibika: mitaro, makalavati, barabara za vijijini, kupima na kupanga viwanja kule Makoko ili mtu asijenge juu ya njia ya maji halafu mvua ikinyesha alie na Mungu. Maji yakipita vizuri hakuna anayekukumbuka. Yakiingia sebuleni kwa mtu ndipo wanauliza nani alipima.

Upande wa saiti nilikuwa mwanamke peke yangu. Nasimama kwenye tope nimevaa kofia ngumu na koti la kung'aa, michoro mkononi, anatokea mtu ananiuliza, "Samahani dada, wataalamu wamekwenda wapi?" Mwanzoni nilikuwa naeleza kwa upole. Baadaye nikawa najibu kwamba wamekufa wote, nimebaki mimi, aseme shida yake. Baba yangu alilima pamba Bunda, na alinifundisha kwamba mtu akikukanyaga mguu ukanyamaza, kesho ataweka na mzigo juu yake.

Mradi ninaotaka kuueleza ulikuwa wa barabara ya changarawe, inayotoka barabara kuu na kuingia kijiji kimoja upande wa Butiama. Barabara yenyewe haikuwa na shida. Shida ilikuwa mbuga inayoikata katikati, bonde pana la udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu, na masika unageuka uji. Hapo mkandarasi alitakiwa kujenga kalavati kubwa la zege, njia ya maji kupita chini ya barabara. Kampuni yetu ndiyo iliyochora na ndiyo iliyosimamia, na msimamizi wa kila siku pale saiti nilikuwa mimi.

Sasa niieleze alama, maana kesi yote iko hapo. Huwezi kusema sakafu ya kalavati ikae juu kiasi gani bila kuwa na kitu kisichosogea cha kuanzia kupima. Kwa hiyo wapimaji huchagua jiwe au msingi imara, wanachora msalaba wa rangi nyekundu na namba pembeni, na kimo chake kinaandikwa kwenye michoro. Kuanzia hapo kila kitu kinahesabiwa: chini ya msalaba mita kadhaa ndipo sakafu, juu mita kadhaa ndipo barabara. Wapimaji wetu walikuja kiangazi, mimi nikiwa kwenye kazi nyingine, wakaweka alama mbili. Moja juu ya jiwe karibu na mbuga, ya pili kwenye ngazi ya kanisa kule njia panda. Zinawekwa mbili ili moja ikidanganya nyingine iseme.

Mkandarasi alipofika miezi kadhaa baadaye alipima kutokea kwenye jiwe, akaweka vigingi, akachimba. Kazi yangu ilikuwa kuhakiki. Fomu ilikuwa na mstari unaosema: "Vimo vimehakikiwa kutoka alama zote mbili." Nilihakiki kutoka jiwe tu. Vipimo vilikubaliana vizuri, kanisa lilikuwa mbali, jua lilikuwa kali, na ilikuwa Ijumaa. Nilitaka kuwahi Bunda kwa mama. Nikasaini. Nimeandika hapo juu kwamba nina kiburi, basi na hili niliandike: siku ile nilikuwa mvivu na mwongo, na hakuna aliyenilazimisha.

Mkandarasi naye alishangaa kidogo kwamba hakulazimika kuchimba sana kama alivyotegemea. Hakulalamika. Nani analalamikia kazi iliyopungua? Akamwaga zege jembamba la chini, akafunga nondo juu yake, akaomba siku ya kumwaga sakafu yenyewe.

Jirani yetu wa karibu pale alikuwa mama mmoja mjane, umri wa mama yangu. Nyumba yake ilikuwa upande wa juu wa mbuga, ule maji yanakotokea, bondeni kabisa, chini ya mawe makubwa. Palikuwa na nyumba ya tofali yenye bati, zizi la ng'ombe wachache, na kaburi la mumewe lililosakafiwa vizuri mbele ya mlango. Kila asubuhi nilimpitia nikamsalimia. Siyo kwamba mimi ni mwema sana. Kwetu ukipita mlangoni kwa mtu mzima bila shikamoo, hata mbwa wake anakudharau.

Siku moja kabla ya kumwaga zege ilinyesha mvua ya asubuhi, ndogo tu, ya kulaza vumbi. Nikamkuta mama amesimama ukingoni mwa shimo letu, khanga kiunoni, anatazama nondo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii ndiyo mlango ya maji?"

"Ndiyo, mama. Maji yatapita hapa."

"Mbona mlango imekaa juu? Maji ya huku inatokaga chini, pale." Akanyoosha kidole. "Mmeiwekea kizingiti. Maji itaruka kizingiti namna gani?"

Nilimjibu kwa mdomo wa ofisini. "Usiwe na wasiwasi mama, imepimwa kwa mashine."

Hakubishana. Alitazama nyumba yake, akaondoka. Na mimi nikashuka kwenye shimo kukagua nondo, huku maneno yake yakinifuata. Nilipopanda tena niligeuka upande wa juu, ule wa kwake, nikaona maji ya ile mvua ndogo. Yalikuwa yamesimama. Dimbwi pana, tulivu, limeegemea ukingo wa zege letu jembamba, na upande wa pili palikuwa pakavu. Kama mvua ya kulaza vumbi imefanya hivi, masika yangefanya nini? Nilihesabu kwa macho mpaka kwenye zizi lake.

Nilichukua levo, ile darubini ya miguu mitatu ya kupimia vimo. Nilihitaji mtu wa kunishikia stafu, rula ndefu ambayo darubini inaisoma kwa mbali. Nikamwomba fomeni wa mkandarasi anipe mtu mmoja. Akacheka. Akasema watu wake wote wanapanga kokoto kwa ajili ya kesho, na kwamba madam nipumzike, vimo nilishahakiki mwenyewe, saini yangu anayo.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nikaibeba mwenyewe ile levo na stafu yake mpaka kwa yule mama, nikabisha hodi, nikamwambia, "Mama, asubuhi nilikujibu vibaya. Naomba unisaidie kupima."

 Alivaa malapa, akaishika stafu wima kama anavyoshika mchi, akaisimamisha pale nilipomwonyesha, juu ya jiwe lenye msalaba mwekundu. Tukaanza kwenda, kituo kwa kituo, kuelekea kanisani. Mimi nasoma, naandika, yeye ananipita na kwenda mbele, mimi nahamisha mashine nampita yeye. Watu wa kijiji walitoka kutazama. Mmoja wa bodaboda alipunguza mwendo, akauliza kama siku hizi serikali imeishiwa wanaume.

"Waliopo wanauliza maswali njiani," mama akamjibu bila kugeuza stafu.

Tulifika kwenye ngazi ya kanisa saa saba hivi. Nikajumlisha, nikatoa, nikarudia mara tatu nikiwa nimekaa chini. Ngazi ya kanisa ilikuwa chini kuliko michoro ilivyosema, kwa sentimita sitini na mbili. Kanisa halizami kwa miezi minane. Kwa hiyo ule msalaba wa kwenye jiwe ulikuwa juu kuliko ulivyoandikwa, na kila kitu tulichopima kutokea hapo kilikuwa juu vilevile. Sakafu yetu ilikuwa ikining'inia sentimita sitini na mbili juu ya mahali pake. Kizingiti, kama alivyosema.

Nilimweleza mama. Nilimwambia tu kwamba alama ile ya jiweni ina kasoro, sijui imetokeaje, lakini maji yangejaa mpaka kwake. Akaitia stafu begani, tukarudi. Tulipokaribia kwake akasema, "Njoo nikuonyeshe kitu."

Nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye jiwe lenye msalaba, lilikuwepo jiwe jingine, pana na la bapa, limejaa vipande vya muhogo vilivyomenywa na kuanikwa. Makopa. Akasogeza machache kwa mkono. Chini yake palikuwa na sehemu ya ukubwa wa sahani, nyeupe kuliko jiwe lote, imesuguliwa mpaka imeng'aa.

Hakuhitaji kuniambia. Mimi nimezaliwa Bunda. Nimekula ugali wa muhogo kabla sijaota meno. Nikiwa mdogo nilichora nyumba kwa mkaa juu ya jiwe la mama yangu, nikachapwa, kisha nikapewa majivu na mchanga nisugue mpaka nisikie harufu ya jiwe. Huku kwetu jiwe la kuanikia lina mwenyewe kama shamba lilivyo na mwenyewe. Mama mkwe anamwachia mkamwana. Watu wengine wanapita mbali, hata kuku wanafukuzwa.

"Walikuja sikuwepo," akasema. "Nikakuta wamechora msalaba jiwe yangu. Nikaanika hivyohivyo, nikasema ni mali ya serikali. Makopa ikatoka na rangi nyekundu. Sasa nani atakula ugali nyekundu? Nikasugua. Lakini sikutupa ya watu, mwanangu. Kopo ya rangi waliacha. Nikawachorea ileile pale kwenye jiwe ya pili, ile ina mteremko, haianikwi, mbuzi tu wanalalaga."

"Na namba?"

"Na namba yake. Nimefuma vitambaa maisha yangu yote, nitashindwa msalaba?"

Nilikwenda kuutazama ule msalaba kwa mara ya kwanza kwa macho. Mikono yake ilikuwa sawasawa pande zote, na namba imekaa wima kama imefumwa kwa sindano. Mpimaji gani duniani anachora vizuri hivyo juani? Wapimaji wetu wanapiga brashi mara mbili na kwenda kutafuta chai. Nilikuwa nimepima kutokea kwenye alama ile na sikuwa nimeitazama. Nikasimama katikati ya mawe hayo mawili: moja lilinifika gotini, jingine kiunoni. Tofauti yote tuliyokwenda kuitafuta kanisani ilikuwa hapo, mwilini mwangu.

Nilianza kucheka, kisha nikakumbuka kwamba kufuta alama ya upimaji ni kosa la kisheria, na nikaacha. Nikamwambia asimwambie mtu yeyote.

Nilimpigia simu bosi wangu wa ofisi ya Musoma hapohapo. Nataka niseme haki yake: alikuwa injinia mzuri. Yeye ndiye aliyenifundisha kusikiliza zege kwa sauti ya koleo, na aliniajiri wakati wengine waliniuliza nitaolewa lini. Nilimwambia kimo kimekosewa, sakafu iko juu, tuvunje, tuchimbe upya.

"Hatuna muda huo," akasema. "Wageni wa mkoa wanakuja wiki ijayo kuona zege. Sentimita sitini siyo mwisho wa dunia, maji yatapita tu."

"Yatapita baada ya kujaa kwa mama wa watu."

"Kaya ngapi pale juu?"

"Moja."

"Kaya moja tu! Nilidhani kijiji. Tutaongea na mwenyekiti, atahamishwa."

"Bosi, wewe kwenu ni kaya ngapi?"

 Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, "Dada, fomu ya vimo umeisaini wewe. Tukivunja, swali la kwanza litakuwa nani alihakiki. Fikiria kazi yako." Nikamwambia nimeshafikiria.

Kesho yake asubuhi mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa inanguruma, kokoto zimepangwa, mafundi wamejipanga na makarai. Sheria ya saiti ni kwamba zege halimwagwi kabla msimamizi hajasaini fomu ya ukaguzi. Fomeni akaniletea fomu na kalamu, kalamu imefunguliwa kabisa.

"Madam, saini tuanze. Jua linapanda."

Niliichukua fomu, nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni, nikaenda kukaa juu ya mifuko ya saruji.

"Sisaini," nikasema.

Alidhani natania. Alipoona sitanii alianza kuniomba, kisha kufoka, kisha akapiga simu Musoma. Mafundi walizima mashine. Wengine walinitazama kwa hasira, na niliwaelewa, siku yao ilikuwa inaharibika kwa ajili yangu. Nilikaa. Jasho lilinitiririka mgongoni, na ukweli ni kwamba niliogopa.  Lakini mtu anaweza kuogopa huku amekaa palepale.

Bosi alifika kabla ya adhuhuri akiwa na mwenyekiti wa kijiji. Nikamwonyesha daftari langu, kituo kwa kituo mpaka kanisani. Alilisoma lote, kwa sababu alikuwa injinia na namba hazikumruhusu kufunga macho. Aliona sina kosa la hesabu. Basi akatafuta mkosaji mwingine.

"Hii alama imehamishwa," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nani kaihamisha? Hili ni kosa la jinai. Mwenyekiti, nataka huyo mtu apatikane leo, polisi waje. Na wewe, unajua ni nani?"

"Najua aliyesaini bila kupima mpaka alama ya pili," nikasema. "Ni mimi. Andika mimi."

"Sijakuuliza hilo."

"Ndilo jibu nililonalo."

Hapo ndipo yule mama alipotoka katikati ya watu. Alikuwa na ungo wa makopa kiunoni, kama amepita tu njia. Akautua mbele ya viatu vya bosi.

"Niko hapa," akasema. "Msihangaike na polisi, petroli itaisha. Ni mimi nimehamisha."

Mwenyekiti akamwambia, "Mama, nyamaza kwanza."

"Ninyamaze kwa nini? Wewe jiwe ile unaijua, mama mkwe wangu alikuwaga anaanika pale wewe bado unanyonya." Akamgeukia bosi. "Mwanangu, mbuzi ya mtu ikiingia shamba yako, unaiuaga? Unaifunga pembeni, mwenyewe akija anaikuta. Nimewafungia mbuzi yenu pembeni. Nyinyi ndio mliingia kwenye jiwe yangu, mkachora juu ya chakula yangu, na hodi hamkupiga. Mimi ningewaambia jiwe ya kuchora iko wapi. Mlango yangu iko wazi, hata uji ningewapa. Sasa nifungeni. Lakini kabla ya kunifunga, shusheni ile kizingiti, maana mzee wangu amelala pale na hajui kuogelea."

Fundi mmoja alicheka, akajizuia, kisha wakacheka wote, na kicheko hicho kilikuwa upande wake. Bosi hakucheka. Alitazama lile kaburi mbele ya nyumba. Alienda mwenyewe nyuma ya nyumba, akachuchumaa kwenye jiwe la makopa, akapitisha kidole kwenye ile sehemu nyeupe, kisha akaenda kwenye jiwe la pili. Aliporudi alimwambia fomeni aondoe nondo.

Walivunja, wakachimba, wakafunga upya. Wageni wa mkoa walikuja wakaonyeshwa shimo. Sakafu ilimwagwa majuma mawili baadaye mahali pake, na siku hiyo nilisaini fomu baada ya kupima kutoka kanisani mpaka kalavatini na kurudi. Mama alishika stafu. Polisi hawakuja.

Kama ingeishia hapo ningekuwa bado ofisini. Lakini kila ucheleweshaji lazima uandikiwe ripoti, na ripoti lazima iwe na sababu. Bosi aliiandika mwenyewe, akaniita ofisini, akanisogezea ukurasa wa mwisho. Palikuwa na sentensi moja: kasoro ilisababishwa na uharibifu wa alama ya upimaji uliofanywa na mwananchi. Chini yake nafasi ya saini yangu.

"Si jina lake halipo," akasema. "Ni mwananchi tu. Kampuni inabaki salama, wewe unabaki salama. Mimi nimekutetea hapo."

Alikuwa amenitetea kweli. Ningeweza kusaini na hakuna ambaye angeumia siku ile. Lakini karatasi ile ingekaa kwenye makabati ya watu, na siku nyingine ikitokea kasoro mahali pengine wangeifungua waone kwamba wananchi ndio waharibifu, na mpimaji mwingine angechora msalaba kwenye jiwe la mama mwingine bila hata kumsalimia. Kijiji kizima kilijua lile jiwe ni la nani. Sisi wenye mashine ndio hatukujua, na hatukujua kwa sababu hatukuuliza.

Nikaomba kalamu. Nikaikata ile sentensi kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake kwa mkono: "Wapimaji wa kampuni waliweka alama juu ya jiwe la kuanikia chakula bila kumuuliza mwenyewe. Msimamizi wa saiti, yaani mimi, nilisaini uhakiki bila kupima mpaka alama ya pili." Hiyo nikaisaini.

Bosi aliisoma. "Ukiandika hivi unajimaliza mwenyewe."

"Bora nijimalize mwenyewe kuliko kummaliza mama wa watu."

Ile barua ya kiburi ilitoka wiki hiyo. Mkataba wangu ulipofika mwisho haukuongezwa, na hakuna aliyenieleza kwa nini, kwa sababu wote tulijua. Nilikwenda Bunda kumweleza mama yangu. Alikuwa anamenya muhogo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo umepoteza kazi kwa sababu ya jiwe?"

"Ndiyo, mama."

Akamenya muhogo mzima kabla ya kujibu. "Na yule mpimaji aliyelichora jiwe la watu, walimfundisha shule gani?" akauliza. Kisha akaniambia nikachukue kisu kingine nimsaidie.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Nilipanda pikipiki nikaenda kuona. Maji yalikuja meusi, yamebeba magogo na mabua, yakaingia kwenye kalavati kwa kishindo na kutokea upande wa pili. Nyumba ilikuwa kavu. Zizi lilikuwa kavu. Yule mama mjane alinikuta nimesimama mvuani kama mwehu, akanivuta ndani.

"Imepita chini kwa chini," akasema. "Hata haijaniuliza kitu."

Alama mpya waliijenga kwa zege, kinguzo kifupi pembeni ya jiwe lake, mahali alipowaonyesha yeye. Siku hizi anakikalia akimenya muhogo.

Mimi sasa nafanya kazi zangu mwenyewe, ndogondogo: mitaro, kupanga viwanja, vikalavati vya kuingilia majumbani. Sijatajirika na sijafa. Juzi nilikuwa Makoko na wapimaji wawili wa kukodi, tunatafuta pa kuweka alama. Mmoja alishachovya brashi kwenye rangi, ameinama juu ya jiwe zuri, bapa, la kufaa kabisa.

"Subiri," nikamwambia. "Jiwe hili la nani?"

Wakatazamana, wakacheka. "Bosi, jiwe nalo lina mwenyewe?"

Niliwaacha wacheke. Niliizunguka nyumba iliyokuwa jirani, mlango ulikuwa wazi, nikasimama nje na kofia yangu mkononi, nikapiga hodi.